Kopo la Kila Jumapili

Niacheni nijiseme mwenyewe kabla Nyamiaga nzima haijanisema. Maharage yangu yalikuwa yanapungua stoo, nikamshuku mke wa mwanangu. Nilimwambia mbele ya majirani kwamba analisha kwao. Akaanza kufunga nguo zake aondoke.

Mjukuu wangu Adela, anayesoma hisabati sekondari, akasema atatengeneza modeli: walaji sita, mara chakula cha siku, mara siku zenyewe. Haikulingana na gunia. Akaongeza yaliyobunguliwa, akaongeza wageni, bado. Kila alipofuta na kurekebisha, mimi nilimkodolea macho yule mwanamke.

Jumapili asubuhi Adela akanikuta mlangoni pa stoo. "Bibi, sasa inakubali. Ila lazima nitoe kopo moja la maharage kila Jumapili. Nani huingia humu Jumapili?"

"Muulize huyo," nikamwonyesha mama yake, aliyekuwa anatoka na mzigo wake wa nguo. "Ndiyo siku yake ya kuiba, anajua mimi niko kanisani."

Mke wa mwanangu akaweka mzigo wake chini. "Mama," akasema taratibu, "hebu shusha hicho kikapu cha sadaka tuone."

Kilikuwa kichwani kwangu, na kopo lenyewe bado nilikuwa nimelishika mkononi.