Nyasi za Renatha

Kule Nyakakika, nyumba ikitarajia wageni wa heshima hutandikwa nyasi mbichi sakafuni, na mtu wa kuaminiwa kuzikata ni Renatha. Miaka ishirini na tano mundu wake haujaingiza mwiba sebuleni kwa mtu. Anazichambua moja moja, na kwa hilo anajisifu bila haya: wengine, husema, wanatandika takataka.

Siku wakwe wa jirani yake Jovitha walipokuja kutoka Kyerwa kumposa binti yake, Renatha alidamkia mbugani. Wingu la mvua lilikuwa limetanda na mzigo haujatimia. Lilibaki fungu moja la nyasi laini, na juu yake ndege mdogo akihangaika: rangi ya kahawia, michirizi myeusi mgongoni, mkia mfupi kama uliokatwa, panzi mdomoni. Kila Renatha aliposogea, ndege aliruka juu, akashuka karibu na kichwa chake, akilia tik-tik-tik bila kumwachia panzi. Renatha aliwajua ndege hao tangu akichunga ng'ombe wa baba yake. Hukaa kwenye nyasi ndefu tu, migombani hawaji, mtama hawaugusi. Chakula chao ni panzi, viwavi na buibui. Akilia vile, ana makinda. Renatha alijua, na akakata, na kwa kuiwahi mvua akalifunga fungu lile bila kulichambua.

Adhuhuri Ninsiima, binti wa Jovitha, alipiga magoti kuwaamkia wakwe, mara akashtuka na kuinua goti. Chini yake palikuwa na kiota kidogo, majani yameshonwa kwa utando wa buibui. Makinda matatu yalikuwa yamefumbua midomo. La nne lilikuwa limepondeka.

Muhwezi, mfugaji, baba mdogo wa bwana harusi, alikiokota.

"Ndege huyu hanyamazi mtu akikaribia kiota," alisema taratibu. "Mkataji hakumwona?"

"Sikumwona, Mzee," Renatha akajibu.

Jovitha akadakia kwamba Renatha angemwona, nyasi zile angeziacha. Yeye anamjua kuliko ndugu. Renatha akainamisha kichwa, wakadhani ni huruma. Alitamani ardhi ipasuke immeze, tena kwa sifa zile zaidi kuliko kwa swali la mzee.

Muhwezi akashauri kiota kirudishwe upesi, huenda mama yao bado anawatafuta. Wakatoka Renatha na Jovitha, huyu akimfariji mwenzake njia nzima. Mbugani palikuwa na vipara zaidi ya kumi vya nyasi zilizokatwa, vyote vinafanana, na Jovitha akauliza waanzie wapi. Renatha, akili yote ikiwa kwenye makinda, akavipita bila kugeuza shingo, akaenda moja kwa moja hadi kipara kimoja, akapiga magoti na kukipachika kiota katika nyasi za pembeni.

Jovitha aligeuka, akavitazama vipara walivyovipita.

"Kumbe ulikuwa unapajua, dada," alisema.

Renatha alibaki pale pale alipopiga magoti. Hakuwa na uso wa kumgeuzia.