Shikamoo Mbele ya Utepe

Wanaosema riadha ni miguu hawajawahi kukimbia Misungwi. Kwetu riadha ni salamu. Mimi nimekimbia mbio ndefu miaka mingi, nimevaa jezi ya mkoa, kucha za vidole vya miguu zimening'oka zikaota upya, na bado ukiniuliza nilifanya mazoezi ya nini hasa, nitakwambia nilifanya mazoezi ya kupiga magoti.

Kwetu mtoto wa kike hampiti mkubwa akiwa wima. Unasimama, unakunja goti, unaamkia, unasubiri uitikiwe. Mkubwa akitaka kuulizia nyumbani, ng'ombe na mvua, unabaki chini hapo hapo mpaka amalize. Na hakuna mkubwa asiyetaka. Asubuhi nikitoka kukimbia, njia nzima ni wakubwa: huyu anaenda shamba, yule anaswaga ng'ombe, mwingine hana safari yoyote, kakaa mlangoni kwake anasubiri kuamkiwa.

Siku za mwanzo walidhani kuna msiba. Mwanamke mzima anakimbia alfajiri, kwa nini kama si msiba? Bibi mmoja alitupa jembe akanifuata huku analia, "Nani kafa? Nani kafa?" Nilipomwambia hakuna aliyekufa, nafanya mazoezi, alikasirika kweli kweli. Alikuwa ameshalia bure.

Basi nikabuni ujanja wa kupita nikipunga mkono. Loh! Malalamiko yalikuwa na mbio kuliko mimi. Niliporudi nyumbani nilimkuta mama uani, mikono kiunoni.

"Nasikia siku hizi unawapungia wazee mkono. Umekuwa mbunge?"

"Mama, nilikuwa nakimbia."

"Kwani miguu inayokimbia haina magoti? Heshima si utumwa, mwanangu."

Kwa hiyo nikawa nakimbia, nashuka, naamkia, nainuka, nakimbia. Kuna wanariadha wanalipia walimu kutoka nje wawafundishe kukata mbio na kuanza tena. Mimi nilifundishwa bure na wazee wa kijiji.

Baadaye nilihamia Nyakato, Mwanza mjini, kwa mama mdogo, ili niwe karibu na kocha. Nyakato hakuna aliyetaka shikamoo yangu. Kule ukikimbia wanapiga kelele "Mwizi!" Fundi mmoja wa gereji alinikimbiza na spana mkononi mpaka pumzi ikamwishia, na alipoona sikubeba kitu cha mtu, akaniomba msamaha, halafu akaniomba namba ya simu.

Kocha alikuwa mtu mkavu wa Butimba, filimbi shingoni hata akienda sokoni. Alizipenda mbio zangu. Kilichomkera ni kwamba kila tulipompita mwenye mvi barabarani, nilipunguza mwendo. "Unaona nini wewe?" alikuwa ananifokea. Nilimwambia sioni kitu, ni goti linataka kushuka lenyewe. Alidhani namtania.

Mwaka huo ndio ulikuwa wangu au basi. Kocha aliniambia bila kupepesa macho: mbio za kuchagua zikifika, mshindi peke yake ndiye atakwenda kambini kujiandaa na mashindano ya nje, na kwa umri wako hawatakutazama tena mwakani. Niliitaka ile kambi. Niliitaka mpaka nilikuwa naogopa kuitaja kwa sauti. Nilikuwa nimekimbia maisha yangu yote bila kufika mahali popote, nikataka mara moja tu nifike.

Siku ya mbio tuliambiwa tuwe Usagara alfajiri, na alfajiri tulikuwepo. Mgeni rasmi hakuwepo. Tulipasha misuli, ikapoa, tukaipasha tena. Jua lilishapanda ndipo akaja, mzee mnene mwenye suti na kichwa cheupe pe. Akatuhutubia kuhusu umuhimu wa kutunza muda, naapa sitanii. Kisha akapuliza filimbi, akaingia kwenye gari lenye kiyoyozi, akatutangulia ziwani kwenda kutupokea.

Sitawasimulia njia nzima. Mpaka Mkuyuni tulikuwa tumebaki wawili, mimi na dada mmoja wa Mara aliyekuwa anapumua nyuma ya sikio langu. Kwenye kilima cha pale nikamwacha. Nilisikia pumzi zake zinabaki, zinabaki, halafu sikuzisikia tena. Nikaingia mjini peke yangu, watu wamejaa pande zote mbili, harufu ya samaki wa kukaanga inakuja na upepo wa ziwa, na mshereheshaji anapasua spika: "Mcheza kwao hutunzwa! Mcheza kwao hutunzwa!" Utepe niliuona. Mwekundu. Nilianza kulia huku nakimbia.

Sasa sikiliza kamati. Kamati ilitaka picha nzuri, mgeni rasmi akimpokea mshindi. Badala ya kumsimamisha nyuma ya utepe, wakamsimamisha mbele yake, upande wangu. Mzee akapiga hatua, kichwa kile cheupe, akaninyooshea mkono, anatabasamu.

Magoti yangu yalimwona kabla yangu.

Nikasimama. Nikashuka chini kwenye lami, mikono miwili ikapokea mkono wake. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hamjambo huko?"

Na mimi, jamani, na mimi nikajibu! "Hatujambo, mzee." Nyuma ya kamba kocha alikuwa anapiga filimbi kama trafiki aliyechanganyikiwa. Yule dada wa Mara akapita pembeni yetu. Kwao sijui wanaamkia vipi, lakini siku ile aliuamkia utepe kwa kifua.

Mimi nikapewa zawadi maalumu ya nidhamu, chupa ya chai yenye maua. Mgeni rasmi alinishika bega akaongea sana kuhusu malezi bora, na watu wakapiga makofi. Mpaka jioni picha ilikuwa kwenye kila kundi la WhatsApp la Mwanza, wameandika "Huyu ndiye binti". Kocha aliniambia neno moja tu: "Ungemwamkia baadaye." Nilikuwa najua. Nililia jikoni kwa mama mdogo nikisingizia vitunguu, na siku hiyo tulikuwa tunapika uji.

Yule dada alikwenda kambini, akaenda na nje, nikamwona kwenye runinga ya saluni nikiwa kwenye foleni ya kusukwa. Mimi niliendelea kukimbia mbio za hapa na pale mpaka goti la kushoto likagoma. Lile lile la kuamkia.

Mama mdogo aliisafisha ile picha, akaipeleka kijijini pamoja na chupa ya chai. Mama akaitia fremu, akaitundika juu ya kochi. Hakuna mgeni aliyepita pale bila kuonyeshwa. "Huyu nimemlea mimi." Nikienda kumsalimia nilikaa upande wa pili, niipe mgongo.

Siku hizi nafundisha wasichana. Juzi niliwapeleka Misungwi kukimbia, wakazunguka kupitia mlangoni kwa mama, naye amekaa kwenye kigoda chake. Wa kwanza akapita. Wa pili akapita. Mama akaniita ndani kwa ukali.

"Watoto gani hawa hawaamkii?"

"Wanakimbia, mama."

Akaonyesha ukutani. "Kwani wewe pale ulikuwa unafanya nini?"

Nikapasuka. Miaka yote ile ikatoka kwa mkupuo. "Nilikuwa nakimbia! Pale mbio hazijaisha, mama. Utepe huo hapo nyuma ya yule mzee, tazama, mzima, haujakatwa. Nilikuwa naongoza!"

Mama akasogea kwenye picha. Akavaa miwani. Akaitazama muda mrefu, kidole chake kikaufuata ule utepe kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Ulisema ulikuwa wa pili," akasema.

"Nilikuwa wa pili baada ya kuamkia."

Alitoka nje, nami nikamfuata, maana nilidhani nimemuumiza. Wasichana walikuwa wanarudi mzunguko wa pili. Aliyetangulia ni mtoto wa Misungwi hii hii, na alipomwona bibi mlangoni nikaona mwendo unapungua, goti linaanza kukunjika. Nalijua lile goti.

Mama naye aliliona. Akakishika kigoda, akakigeuza, akakaa ameipa barabara mgongo.

Msichana akapita wima, mbio zote.

"Marahaba," mama akauambia ukuta.