Matairi Manne kwa Rimoti Moja

Nyamizi wa Ngokolo hakuwahi kukubali bei ya kwanza ya kitu chochote, hata chumvi. Alianza na beseni la nyanya sokoni Shinyanga, akahamia kwenye mchele wa debe, na kufikia mwaka tisini na tano alikuwa na mashine yake mwenyewe ya kukoboa mpunga, ikinguruma kutwa na vumbi la pumba limemganda kwenye nyusi. Marehemu mumewe alimwachia binti mmoja, Zipora, na jembe moja. Jembe aliliuza.

Mwaka tisini na saba, wazungu wa kutafuta dhahabu wakawa wanashuka na ndege pale uwanja wa Ibadakuli na kupelekwa makambini upande wa Geita. Nyamizi akasikia kwamba kampuni moja inataka gari la kukodi la mwaka mzima. Akaiuza mashine. Watu wakamcheka, eti anauza ng'ombe anayekamuliwa ili anunue punda. Akawajibu kwamba mpunga unangoja mvua, mzungu hangoji mvua.

Gari alilinunua kwa Hozefa, mwenye duka la vipuri karibu na soko, ambaye pia alikuwa akiagiza magari yaliyotumika kutoka Dubai. Lilikuwa pikapu jeupe la milango minne, lenye king'ora cha kuzuia wezi. Ukibonyeza rimoti iliyoning'inia kwenye ufunguo, gari linalia kwi-kwi, taa zinakonyeza, milango inajifungua. Bila rimoti, hata uwe na ufunguo mkononi, injini haiwaki. Hozefa alizitoa rimoti mbili. Nyamizi akairudisha moja juu ya meza.

"Hozefa bhai, hii ibaki kwako. Mimi nipe matairi manne mapya badala yake."

"Matairi manne kwa kiplastiki hiki? Mama Zipora, hii ni ya akiba. Siku moja utaililia."

"Akiba ni ya mtu anayepoteza vitu. Mimi tangu nizaliwe sijapoteza hata sindano."

Walivutana siku mbili. Akayapata matairi. Akina mama wa sokoni wakaisimulia kama ngano, kwamba Nyamizi kamuuzia Hozefa mali ya Hozefa. Na aliyeisimulia kuliko wote alikuwa Nyamizi mwenyewe.

Maganga, karani wa ile kampuni, alikuja kulikagua gari. Akaipeleka namba yake kwenye orodha ya getini uwanja wa ndege, kisha akatoa sharti.

"Alhamisi saa nne ndege inatua. Nalitaka gari hili hili, lenye namba hii. Likiwepo, mkataba wa mwaka ni wako. Lisipokuwepo, kuna jamaa wa Mwadui ana landrova kuukuu, anakuja nyuma yako."

Sasa, Usukumani gari la biashara haliingii barabarani hivi hivi. Lazima lifanyiwe samba, dawa ya kuvuta wateja. Nyamizi alikuwa mwanakwaya, na hakuamini sana mambo hayo. Lakini alipiga hesabu yake: dawa ikiwa ya uongo, umepoteza kuku mmoja, ikiwa ya kweli, umepata mkataba. Jumanne jioni mganga Ndaki akaja uani kwake na chungu cha dawa ya maji na magome.

"Mwadila, mayu," alimsalimia kwa Kisukuma. "Lete kile kinacholifungua gari."

Nyamizi akampa ufunguo na rimoti yake, kama vilivyo. Ndaki alikuwa ameosha funguo za malori na teksi za mji mzima, na hakuna hata moja iliyowahi kulalamika. Zote zilikuwa chuma, na chuma hakinywi dawa. Akautumbukiza ufunguo ndani ya chungu, na rimoti ikafuata. Vikalala humo mpaka asubuhi.

Jumatano Nyamizi aliifuta rimoti kwa kanga, akabonyeza. Kimya. Akasogea hatua tatu, akabonyeza. Akaigonga kwenye kiganja, akaipuliza, akabonyeza huku amekaza meno. Akafungua mlango kwa ufunguo, na gari likapiga yowe lililotoa majirani vyooni. Akakaa ndani ya kelele hizo, akageuza ufunguo. Injini haikuguna.

Akamwita Ignas, fundi wa saa na redio, kijana mwenye maneno mengi kuliko vifaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fungua hii, haraka."

Ignas aliibandua kwa kisu. Akachungulia. Akanusa.

"Mama Zipora, hii rimoti imekula nini?"

"Ilidondokea kwenye mchuzi."

"Mchuzi gani una magome ya mti?"

"Fundi, nimekuita kwa ajili ya rimoti au upishi?"

Ignas akacheka peke yake. Akaisafisha kwa spiriti na mswaki, akaianika juu ya bati mpaka ikawa ya moto. Betri yake, fupi kama punje ya karanga, ilikuwa imekufa, na mji mzima haukuwa na nyingine ya aina hiyo. Lakini alikuwa fundi kweli. Alipanga vibetri vinane vya saa, kimoja juu ya kingine, akavifunga kwa selotepu, akavisukuma ndani. Akabonyeza. Taa nyekundu ya rimoti ikawaka.

Nyamizi alishika kifua. Gari halikusema kitu.

"Taa inawaka," alisema.

"Taa ni taa tu, mama. Inayoongea na gari ni hii." Alimwonyesha kidude kidogo cha bati, mguu wake mmoja umeliwa ukawa kijani. "Hii sina, na wala sijui wapi inauzwa. Rimoti ya pili iko wapi? Magari haya huja na mbili."

Nyamizi alijifunga kanga, akaenda kwa Hozefa kwa miguu, jua la saa saba likimpiga utosini.

Hozefa alimsikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, na hilo lilimuudhi Nyamizi zaidi.

"Ile rimoti nimempa mjukuu achezee. Rimoti isiyo na gari ni nini, Mama Zipora?"

"Mwite mkeo aitafute. Nitakurudishia tairi mbili."

"Mbili?"

"Zote nne, Hozefa bhai. Mwite."

Bi Tahera, mke wa Hozefa, alishuka ghorofani na ndoo ya midoli. Wakaimwaga sakafuni, wote watatu wakachuchumaa: treni isiyo na magurudumu, vizibo vya soda, kichwa cha mwanasesere. Na rimoti. Nyamizi aliidaka kwa mikono miwili. Ilikuwa nyepesi. Akaigeuza, nayo ikagawanyika katikati, tupu kama ganda la karanga.

"Alikuwa anaibomoa aone sauti inatoka wapi," Bi Tahera alisema taratibu. "Vya ndani tulishafagia, dada. Pole."

Jioni ile Ignas alifungua mlango, king'ora kikaanza kulia upya, akalala chali chini ya dashibodi na tochi mdomoni. Akakikuta kisanduku cha king'ora, na nyaya kumi na mbili zinazotoka humo, zote nyeusi.

"Wamezifanya rangi moja makusudi, mwizi asijue akate ipi. Na mimi sijui."

"Kata."

"Mama, twende Mwanza tutafute fundi wa..."

"Kesho saa nne, Ignas. Kata."

Akakata wa kwanza, king'ora kikanyamaza, wakatazamana kwa furaha. Akaunganisha wa pili na wa tatu, akageuza ufunguo. Moshi ukatoka nyuma ya redio, mwembamba, wenye harufu ya plastiki, na taa zote za dashibodi zikazimika pamoja. Ignas alikusanya vifaa vyake bila kudai hata senti.

Alfajiri Nyamizi alikuwa mlangoni kwa Maganga.

"Nitakodi gari jingine. Badilisha namba getini."

"Orodha imeshasainiwa, mama."

"Kwani kalamu imekwisha wino?"

"Kama ningekuwa nabadilisha kila anayebisha hodi, jamaa wa Mwadui angekubadilisha wewe tangu Jumatatu. Alibisha hapa mara tatu."

Hapo hapakuwa na pa kushikia. Nyamizi alirudi nyumbani, akachukua jeki na spana. Ndege ilipopita juu ya Ngokolo ikishuka, alikuwa ameshatoa matairi mawili. Alipomaliza la nne, gari lilikuwa limekaa juu ya mawe kama kuku anayeatamia.

Akayakodia mkokoteni mpaka dukani. Hozefa aliyakagua, akayapigapiga kwa ngumi. Hayakuwa yametembea hata mpaka Kahama. Akataja bei, bei ya matusi, ile ya kufungulia mazungumzo, kisha akaegemea kaunta akingoja kutukanwa.

Nyamizi alikuwa anatazama barabarani. Landrova moja ilipita ikielekea Geita, wazungu wanne ndani, mizigo juu.

Hozefa akairudia bei yake, polepole.

"Lete," Nyamizi alisema, akanyoosha mkono.