Mgeni Haulizwi Jina

Verlene Mackall alikuwa mkali, na jikoni mwa Kanisa la Mtakatifu Kolumba, pale mjini Baltimore, Marekani, neno lake lilikuwa sheria. Matajiri waliolijenga kanisa hilo walihama zamani, watu weusi walipoingia mtaani, wakaacha majina yao kwenye mabenchi na paa linalovuja. Verlene ndiye aliyeanzisha chakula cha bure cha Jumamosi, na kwa miaka ishirini na sita alishikilia amri moja: mgeni haulizwi jina.

"Mtu kaja na njaa zake, hakuja polisi," alisema.

Mwanawe Dorsey, aliyewahi kuimba kwaya ya watoto hapo hapo, alinaswa na dawa za kulevya, akagombana na mama yake, akaondoka. Miaka tisa ikapita. Kila Jumapili jina lake lilisomwa katika sala ya kuwaombea wagonjwa, na Verlene akamwomba Mungu amrudishie mtoto, basi.

Januari Verlene alipasuliwa goti, akakosa Jumamosi moja. Moja tu! Aliporudi na mkongojo, Alonzo, msaidizi wake aliyepika badala yake siku ile, akamchokoza.

"Dada Verlene, kabichi yangu imeniaibisha. Mgeni kaonja, kasema imekosa siki."

"Kasema kweli! Nani huyo mjuzi?"

"Ningemwulizaje, na wewe ungenitoa roho? Kijana mwembamba, anakohoa. Kaulizia mama mpishi, nikamwambia hayupo. Kaacha hii chini ya sahani."

Ilikuwa medali ya kwaya ya watoto, ile aliyopewa Dorsey, utepe wake umechakaa. Verlene akaketi sakafuni, bila kujali goti lake bovu.

"Hukumwambia nitarudi?"

"Hakuuliza, dada."

Tangu hapo alikaa mlangoni kila Jumamosi, sahani ya kabichi yenye siki mapajani, mpaka ipoe. Machi polisi wakaleta habari: Dorsey amekufa kwa nimonia katika nyumba tupu, mitaa minne tu kutoka kanisani. Jumapili Alonzo ndiye aliyesoma sala. Alipofika kwenye majina ya marehemu, akaishusha karatasi, na Verlene akasimama akalitaja jina la mwanawe mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata akaingia kijana asiyemjua, koti limelowa, akapokea sahani yake ya chakula. Verlene hakuweza kujizuia.

"Karibu, mwanangu. Unaitwa nani?"

Kijana akamtazama, akaiweka sahani mezani bila kuonja, akatoka. Verlene akaichukua, akamfuata barabarani akichechemea, machozi yakimtoka mbele za watu.

"Rudi ule, mwanangu! Rudi! Sitakuuliza kitu."