Sufuria Ilifika Tupu

Nyinyi vijana wenye mutasoma hii, najua hamujaona treni. Munajua kamiyo za mizigo, munajua moto, hizi pikipiki, munajua vumbi. Muzee akisifu treni munacheka, munasema ni mambo ya zamani. Chekeni. Mimi nilisoma kidogo tu, primeri sikuimaliza, lakini nilikomalia kando ya reli. Ninaandika juu barabara ilininyima kumuona yaya, dada yangu mukubwa, mara ya mwisho, na sitaki mutu aniambie ilikuwa mapenzi ya Mungu. Lile tope si Mungu alilitengeneza.

Nilizaliwa Mungbere, pale reli ilikuwa inaishia. Wazee walisema siku moja itafika mpaka huku Bunia. Haikufika. Baba yangu alikuwa mutu wa njia ya chuma: asubuhi anatembea juu ya reli na nyundo na ufunguo mukubwa kwa bega, anakaza vyuma vyenye vimelegea. Musidanganyike, ile treni haikuletwa juu ya siye. Ililetwa kubeba pamba na kahawa, na babu zetu walilima ile pamba kwa kuchapwa fimbo. Lakini ilikuwa inapita. Mvua inyeshe, isinyeshe, inapita. Kichwa moja ilivuta wagoni zenye leo zingehitaji kamiyo za kujaza njia kutoka mutaa wetu wa Shari mpaka sokoni. Na kamiyo inakula barabara yake, kila moja inachimbia shimo ile ya nyuma. Treni haikukula njia yake. Watu kama baba walitosha kuichunga, kila mumoja na kipande chake.

Yaya yangu, mutoto wa kwanza wa mama, aliolewa Isiro. Mama akipika chakula kizuri, anaweka sehemu ya yaya mu sufuria, anaifunga na kitambaa ya bleu, fundo mbili moja juu ya ingine, anaipatia watu wa treni. Hakuna mutu aliandika jina. Kila nyumba ilikuwa na kitambaa yake na fundo yake, na watu wa treni walizijua zote. Kule Isiro yaya anasimama stasio, anapokea, sufuria ingali na moto kidogo. Na ilikuwa sheria: sufuria hairudi tupu. Unaweka chumvi, unaweka sabuni, ata kitunguu moja. Kurudisha tupu ilikuwa kutukana nyumba.

Kisha mimi nikaolewa Bunia, mama akafa, sufuria ikabaki kwangu. Yaya akawa mujane, akarudi Mungbere. Treni nayo ikafa. Ilianza kupita mara moja moja, kisha majani yakaota katikati ya reli.

Mwaka ule wa ugonjwa wake, yaya aliniita kwa telefone ya jirani. Sauti ilikuwa imeisha.

"Mudogo yangu, nina hamu ya samaki ya ziwa. Ile ya kukauka."

"Nitakuletea, yaya."

"Usijisumbue. Weka tu mu treni, nitaingoja stasio."

Akacheka mpaka kikohozi kikamukamata. Mimi sikucheka. Nilinunua samaki ya Kasenyi, kule ziwani, nikaipanga mu sufuria ya mama, nikafunga fundo mbili. Watoto wangu walisema nipande moto, nitafika mbio. Nikawaambia mifupa yangu si ya kuuza. Nikapanda kamiyo, mu kabine kando ya shofere, sufuria juu ya magoti.

Mpaka Mambasa tulienda, kwa taabu ya barieri na barieri, kila moja inataka pesa. Pale tulikata kuingia mu pori ya kaskazini, mvua ikatukuta. Kamiyo zilikuwa zimesimama mustari, ingine imelala kwa ubavu, matairi yote ndani ya tope.

"Koko, shuka," shofere akaniambia, vile vijana wanaita bibi muzee. "Tunalala hapa."

"Mpaka wakati gani?"

"Mpaka ile ya mbele itoke."

"Na ile ya mbele inangoja nini?"

"Ile ya mbele yake. Koko, ukitaka jibu ya kweli, tembea mpaka ya kwanza, uniletee na mimi."

Watu walicheka. Kulikuwa vijana wa pale wenye walikuwa wanalipwa kusukuma. Niliwaona kwa macho yangu wakimwaga maji mu shimo, isikauke. Nikawatukana. Mumoja akanijibu, "Koko, hii shimo ndiyo shamba yetu."

Tulikaa pale siku na siku. Mihogo yenye tulibeba iliisha, ndizi zikaisha. Mama mumoja mwenye mutoto mu mugongo alikuwa anaangalia sufuria yangu bila kusema kitu. Ningefanya nini? Nilifungua fundo. Tulikula samaki ya yaya pale mu tope, mama yule, shofere, na mimi mwenyewe. Tamu yake sikuisikia.

Nilipofika Mungbere, watu walikuwa wanakunja bashi, ile turubai ya matanga ya yaya. Mutoto wa yaya, mwanaume muzima sasa, alikuja kupokea sufuria kwa mikono mbili, vile mama yake alimufundisha. Aliisikia nyepesi.

"Mama mudogo," akasema, "tulikungoja mpaka mwili ikakataa kungoja."

Akanipeleka kwa kaburi. Juu yake walisimamisha kipande ya reli, jina ya yaya imeandikwa na rangi nyeupe.

"Hii uliitoa wapi?"

"Nyuma ya stasio. Ndiyo ilibakia. Zingine watu walikata, wakatengeneza mitalimbo ya kuchimbia dahabu, na nguzo za nyumba."

"Na weye ulikata?"

"Kila mutu alikata."

"Basi ulikata njia yenye mimi ningepitia."

Alikasirika naye, na hakunificha. "Mama mudogo, treni ilikufa kwanza. Siye tuligawana tu vitu vya marehemu."

Mutalimbo kama ile nimeiona mu mikono ya wachimba dahabu wa Bambu, ninaijua kwa sura yake, na niliona wanaisifu juu haipindi. Ndiyo. Baba yangu aliikaza wakati ilikuwa reli.

Asubuhi ya kurudi, mutoto wa yaya alijaza sufuria karanga, akafunga. Fundo mbili. Nilirudi kwa barabara ileile, tope ileile, na karanga sikuigusa.

Nilipofika kwangu Shari, niliita watoto na wajukuu wote mu salon ya nyumba, nikaweka sufuria katikati, nikawaambia: "Muikule yote. Kisha musikie. Siku nitakufa, mutume habari mahali mutatuma, lakini musingoje mutu mwenye iko barabarani. Munizike siku ileile."