Jagi la Mama Yake Bi Eleni

Ilford, Jumapili ya mwisho ya Agosti. Manyunyu tangu asubuhi, baridi ya kuvalia sweta.

Tumerudi jana, na aibu niliyorudi nayo naiandika bila kujipendelea, ingawa sijui kama mambo haya yanafaa kuandikwa.

Siku ya kufunga mabegi nilitia kopo langu la chooni, binti yangu Rahma akalitoa. "Mum, no! Nani anasafiri na kopo?" Simlaumu, mimi ndiye niliyekubali kuliacha.

Basi tukafika Ugiriki, nyumba ndogo ya wageni iliyong'ang'ania mlima, unapanda ngazi mpaka magoti yanalia, halafu unageuka na bahari yote iko chini yako, buluu ambayo hata mimi niliyezaliwa Pemba sijapata kuiona, nikasimama nasema Subhanallah, Subhanallah, mpaka Rahma akanivuta mkono. Mwenye nyumba, Bi Eleni, mwanamke wa rika langu, alinikumbatia kama ndugu yake.

Chooni karatasi tupu. Ukumbini, kwenye rafu, nikaona jagi la udongo lenye maua ya buluu, limekaa tu, nikasema nalitumia, nalisuuza, nalirudisha. Nikafanya hivyo siku mbili (na sabuni nilitia, Mungu ni shahidi).

Siku ya tatu, wageni wote tuko mezani chini ya mzabibu, Bi Eleni akatokea na jagi lile lile limejaa maji ya limau! Akasema ni la marehemu mama yake, hulitoa akipata mgeni aliyempenda, na leo kanitolea mimi. Akamimina glasi zote.

"Mama, kunywa basi, wanakungoja wewe," Rahma akaninong'oneza.

Ningeweza kunywa nikanyamaza. Lakini bwana mmoja Mjerumani alikuwa keshainua glasi yake mdomoni.

"Msinywe!" nikapiga kelele, tena kwa Kiswahili, nikamdaka mkono, maji yote yakamwagikia shati lake. "Rahma, waambie."

"Niwaambie nini?"

"Nimeingia nalo chooni."

Rahma akajifunika uso kwa kitambaa cha meza, akawaambia humo humo. Bi Eleni akalitazama jagi, akanitazama mimi, akalichukua akaingia ndani, nikasikia maji yanamwagika muda mrefu, nikajua tunafukuzwa.

Akarudi na jagi limejaa tena, na mkono wa pili kashika ndoo ndogo nyekundu ya plastiki. Ndoo akaniwekea miguuni. Halafu akajimiminia glasi yeye mwenyewe, mbele ya watu wote, akainywa mpaka tone la mwisho, ndipo akanimiminia mimi.

Sijui kama mimi ningeweza. Nilikunywa huku machozi yananitoka. (Mjerumani hakunywa, na ana haki yake.)

Bila kopo sitoki tena nyumbani, hata wanicheke uwanja mzima wa ndege.

Jioni hii tumekula wali, maharage ya nazi na dagaa. Rahma alikamua limau kwenye jagi letu la plastiki, akajimiminia, akanywa yeye kwanza huku ananitazama, kisha akanisogezea glasi yangu.