Mwaloni wa Tantine Furaha

Nitawasimulia, lakini msicheke mbele ya tantine, maana mpaka leo nikipita mtaa ule wa Queensburgh, huku ugenini, natembea nikiangalia viatu vyangu.

Tantine Furaha, mdogo wake mama, alikuwa anasuka nywele kando ya barabara chini ya mti mmoja mkubwa, na hicho kivuli ndicho kilikuwa saluni yake yote. Mizizi ikainua vigae vya njia ya miguu, jirani mmoja akataka mti ukatwe, manispaa ikamtuma bwana mmoja aje kusikiliza watu palepale. Mzee mmoja Mzungu akasema uacheni, huu ni mti wa asili ya hapa, na miti ya asili haikatwi ovyo. Yule bwana akakubali kwa kichwa, akafunga kalamu yake. Mambo yalikuwa yamekwisha. Yamekwisha, jamani!

Lakini mimi (nimesoma chuo, na ugonjwa wangu ni kwamba siwezi kusikia jambo lisilo la kweli nikanyamaza) nikanyoosha mkono. Nikasema huu ni mwaloni, uliletwa kutoka Ulaya, na ili wasinibishie nikaokota kokwa lake lenye kikofia, nikaliinua juu kama mhubiri.

"Eish," akasema yule jirani, "kumbe nao ni mgeni! Makaratasi yake yako wapi?"

Watu wakacheka, na mimi, mjinga, nikacheka nao kidogo, kisha nikaanza kueleza kwamba kutoka mbali si kosa, kwamba mti umekaa hapa muda mrefu kuliko sisi sote, na kadiri nilivyoeleza ndivyo Kiingereza changu kilivyozidi kunuka kwetu Bukavu, mpaka mtu nyuma akauliza, "Na wewe, kaka, umetoka wapi?"

Bwana wa manispaa akafungua kalamu tena.

Tantine hakuelewa Kiingereza chote, ila kalamu aliiona. "Papa," akaniambia polepole, vidole bado vimo kwenye nywele za mteja, "ile muti ilikukosea nini?"

Waliukata. Siku hizi anasukia juani, mwavuli umefungwa kwenye kiti, na wanaotaka misuko mirefu huondoka kutafuta kwingine. Hajanigombeza. Ananipakulia chakula kama kawaida, na hilo ndilo linaloniua.

Sikusema uongo, hilo bado nalishikilia. Ila nimeapa: kabla ya kumsahihisha mtu, nitatazama kwanza nani amekaa kwenye kivuli cha kosa lake.